Mashati Yote Yametoka na Mikono ya Kushoto

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaangua kilio mbele ya wateja, maana mimi ni fundi cherehani mwenye chumba changu cha kushonea, nina mafundi wanne ambao huniita Jemadari, nadhani kwa heshima, na nawapenda kama wanangu ila kazi lazima iende ninavyotaka mimi, sasa majuzi kwaya ya vijana ikaleta kitambaa cha mashati, nikakikata mwenyewe mbiombio bila kukikunja mara mbili ili mkono wa kulia na wa kushoto itoke pamoja, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu na fundi wangu bora, akaanza, "Shemeji, hebu...", nikamwambia hebu nyamaza, nimeshika mkasi, kumbe mikono yote inatoka ya kushoto, na hao mafundi wakaishona vilevile, kimya, wakapiga na pasi, mpaka siku kwaya ilipoinua mikono kuimba ndipo mabega ya kulia yakaachia praaa! Nikawauliza mbona hamkusema, wakaanza kuokota nyuzi sakafuni. Mimi sijamkataza mtu kusema, nimetundika hata sanduku la maoni pembeni ya kiti changu, nikakuta ndani vifungo viwili na ganda la pipi. Kweli, shemeji aliwahi kuleta njia yake ya kupachika kola upesi nikamwuliza mbele ya wote, "Kati yetu nani alimfundisha mwenzake?", lakini ule ulikuwa utani jamani. Nikitoka nawasikia wanaelekezana na kucheka, nikirudi nasikia cherehani tupu. Sasa shemeji ameaga, Ijumaa anahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na akienda yeye wote watamfuata. Niwafanyeje watu hawa wasio na shukrani?

Jemadari

Jemadari, pole. Nimecheka, halafu nikawahurumia mafundi wako. Shukrani gani unayoidai? Hujamkataza mtu kusema, sawa, ila kila anayesema unamuumbua mbele ya wenzake, nani atarudia? Ulitaka watii, wakatii mpaka kwenye pasi! Na hayo maujuzi wanayopeana ukitoka yangekuwa faida yako, ila umeyafukuza mwenyewe. Utani wako ulikuchekesha wewe peke yako, mama.

Basi sikiliza. Hilo sanduku literemshe leo. Kesho, kabla cherehani hazijaanza, weka shati lililopasuka mezani useme, "Hili nililiharibu mimi." Usiongeze "lakini". Kisha mwombe shemeji aonyeshe kola yake, nawe uketi uishone kwa njia yake, wote wakitazama. Ulimi ukikuwasha, bana pini midomoni, wewe ni fundi, unajua zinavyokaa.

Kola ikikushinda, na itakushinda, usirushe mkasi. Sema, "Shemeji, nielekeze tena." Neno hilo likikutoka kabla ya Ijumaa, huenda akabaki. Likikukwama kooni, mshonee shati la kumuaga, na tafadhali, akate yeye.