Mwanangu Yuko Mezani Kwako

Žaliakalnis, Kaunas
9 Januari

Mpendwa mdogo wangu Aldona,

Tumsifu Yesu Kristo. Hali yako huko Chikago, na lile goti? Shemeji Vaclovas bado anakohoa? Sisi tunamshukuru Mungu. Theluji imefika madirishani. Bronius wangu anaizoa kwa koleo huku akiilaani, nami namwombea msamaha palepale.

Barua yako nimeipata. Unasema Tautvydas aliongeza sahani ya madonge yako ya viazi. "Mwanangu anakula!" umeandika. Mwanangu! Aldona, huyo nimemzaa mimi. Hata viazi kuvikuna nilikufundisha mimi. Nilikwenda kusali rozari nitulie, na katikati ya fumbo la pili nikajikuta nagombana nawe kwa sauti.

Kazi yake siilaumu. Timu ya kwenu ilimchagua miaka miwili iliyopita, ikamwacha acheze huku hadi akomae. Ameiva, wakaja kuchuma. Ndivyo mpira wa kikapu ulivyo siku hizi. Nao wanatuletea wa kwao. Tunaazimana vijana kama majirani wanaoazimana ungo.

Sasa timu yetu ina Marlon, Mmarekani, anacheza nafasi ileile ya mwanangu. Mkesha wa Noeli Bronius akamleta nyumbani bila kuniuliza. Nilikuwa nimemwekea Tautvydas sahani tupu na mshumaa, kama ada yetu kwa asiyekuwepo. Marlon, mrefu kama mlingoti, akavua viatu, akaketi papo hapo!

"Ondoka hapo!" nikamwambia.

"Mama Tautvydas, mwache mtu ale," Bronius akasema. "Sahani haijui jina."

"Mimi nalijua!"

Marlon hakuelewa kitu. Akatabasamu, akala samaki wa chumvi, akaongeza tena.

Mara simu yake ikalia. Mama yake, Loretta, akatokea kwenye kioo, na binti yetu Ramunė akawa anatafsiri.

"Anakula samaki huyo? Kwangu hagusi!"

Alicheka, lakini macho yake, Aldona! Nayajua. Ndiyo ninayoamka nayo mimi tangu Septemba, Tautvydas alipoondoka.

"Mwambie ameongeza," nikasema. Mungu anisamehe, nilisikia utamu kusema hivyo.

Kisha Loretta akauliza jambo kwa sauti ya chini. Ramunė akanigeukia. "Anauliza kama Marlon anakuita mama."

Nikajibu hapana. Wakati wa supu alikuwa ameshaniita.

Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Nikiona mchezo wenu kwenye televisheni, nakutafuta wewe kati ya watazamaji kabla sijamtafuta yeye uwanjani, nione umevaa nini.

Msalimie Shemeji, na Padri Jurgis wa parokia yenu. Mama Maria wa Lango la Alfajiri awafunike nyote kwa vazi lake.

Na Tautvydas akikuita mama, mwitikie mtoto. Ila mimi nikikuuliza, niambie hapana.

Dada yako akupendaye, hata akinuna,
Danguolė