Bingwa Aliyeshuka kwa Ngazi

Jumatatu, 12 Januari. Buffalo

Mizani tena. Kabla ya mazoezi, kabla ya salamu. Kocha Dale husimama nyuma yangu kama askari wa mgao wa chakula kule kambi ya wakimbizi Kigoma. Leo kaguna. "Mwepesi ndiye anayeruka mbali, Devota. Ukitaka kubaki bingwa, punguza."

Msimu uliopita niliwashinda wanawake wote wa kuruka na ski, zile mbao za kutelezea thelujini, nikiwa nakula wali wa Mama kila siku. Sasa Kocha kamleta Brooke, binti wa miaka kumi na sita, mwepesi kama unyoya, na ghafla mimi ni mzigo.

Namchukia binti huyo. Mchana nimekunywa maji ya moto tu.

Jumatano, 14 Januari

Mama kapika sombe, majani ya muhogo, na ugali. Nikasema nimekula. Kanifunikia sahani mezani hata hivyo. Nikamfokea. Mtu mzima kufuatwafuatwa na sahani! Akaenda kuosha sufuria.

Jumamosi, 17 Januari. Louisville

Harusi ya binamu. Baba anaishi huku na mke mwingine. Kanishika mkono mbele ya waumini: "Huyu ndiye bingwa wangu!" Wako? Tulipofika Buffalo hatujui hata kuwasha jiko, ulikuwa wapi?

Gauni linaning'inia. Jikoni nikamsikia shangazi akimwambia mwenzake, "Ile mifupa umeiona? Ana ule ugonjwa. Wanatuficha."

Nikaingia, nikasimama mbele yake. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kula basi."

Sikula. Kwa hasira tu.

Jumapili, 18 Januari. Columbus

Nimekuja na gari la dada yangu Chantal. Huku ndiko anakokaa, anahudumia wazee. Mbele ya nyumba yake kazima injini.

"Wazee ninaowaogesha wana mapaja manene kukushinda."

Nikamwambia ana wivu.

"Wivu wa nini? Damu yako ya mwezi, umeiona mara ya mwisho lini?"

Nimeshuka, nimebamiza mlango. Sikumbuki lini. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumamosi, 24 Januari. Buffalo

Mashindano. Mnara wa kurukia uko kusini, ukishapita mji wa Lackawanna. Upepo mzuri. Watu wamejaa.

Nimekaa kwenye boriti ya kuanzia, juu kabisa. Taa ya kijani. Ukijiachia hapo hakuna kurudi: unateleza, unaruka, unatua au unavunjika. Giza, kisha vimulimuli machoni. Chini kule Kocha akapunga bendera. Akapunga tena, kwa hasira.

Nikajivuta kando. Nikavua ski. Nikashuka kwa ngazi.

Mbele ya wote. Wakazomea. Mtu hashuki kwa ngazi, sembuse bingwa.

"Watoto wanaruka, wewe unatembea," Kocha kasema. "Umeniaibisha."

"Tafuta mwingine wa kumpima."

Brooke kashinda. Sikumpongeza.

Jumapili, 25 Januari

Nimekula. Nimetapika. Nimekula tena kidogo. Mama kakaa karibu, anachambua maharage, hanitazami. Nimelia kama mjinga.

Jumanne, 27 Januari

Nimeenda kuchukua vitu vyangu. Brooke alikuwa juu ya mizani, kavua hata soksi ili apungue. Kocha nyuma yake.

Simpendi yule binti. Lakini nimempigia mama yake, nimemweleza yote, na ya kwangu pia.

"Unaona wivu kwa sababu kakushinda," kasema, akakata.

Nikapiga tena. Hakupokea. Nikapiga tena.

Jumapili, 15 Februari

Baba kapiga simu. Watu wa Louisville wanamuuliza kwa nini binti yake aliogopa. Nikamwambia awaambie anavyotaka. Mke wake alisikika nyuma akicheka. Nimekata.

Jumamosi, 7 Machi

Kilima kidogo wanakojifunzia watoto. Kocha mpya ni mama wa makamo, mkali, anafoka kuhusu magoti yangu na kutua kwangu. Brooke naye kahamia kwake. Mama wa Brooke hanisalimii.

Mama yangu hakuwahi kuja kunitazama, miaka yote hii. Alisema moyo wake hauwezi. Leo kaja. Kasimama chini, kakumbatia koti langu.

Nikajiachia. Upepo masikioni, kisha kimya, kisha theluji chini ya miguu. Sikwenda mbali.

"Ndiyo hiyo tu?" Mama kauliza.

"Ndiyo hiyo."

Kalikunjua koti.

"Haya. Vaa koti."