Mabano ya Namba Moja

Jumatatu, 23 Septemba 2024

Kitabu kimetoka kwenye mashine! Njia ya Kasongo hadi Kabambare: jinsi watu walivyoipita, walivyolima kandokando yake, walivyouza. Estelle, mjukuu wangu, ndiye aliyekipanga kwa LaTeX, programu ya kompyuta ya kupangia vitabu. Humo husogezi herufi kwa mkono. Unaandika amri, mashine inapanga. Nimeipenda. Ina nidhamu.

Kila neno la shahidi linafuatwa na namba ndani ya mabano ya mraba. Mwishoni kuna orodha: namba fulani ni mtu fulani, alisemea wapi. Namba ni anwani tu.

Nakala moja nimempa Ramazani, hapa mjini Kasongo. Nyingine imepelekwa Wamaza kwa Gédéon, kwa pikipiki. Hao ndio mashahidi wangu wakubwa — na ndio wanaogombania bonde la mpunga la Wamaza. Kila mmoja anasema baba yake ndiye aliyelifyeka kwanza. Nimeandika maneno ya wote wawili bila kuhukumu. Baraza la Kabambare limekubali kusomewa kitabu kabla ya kuamua. Mvua iko karibu, na hakuna aliyetia jembe.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimeshtuka. Ramazani amekuja baada ya sala ya adhuhuri, kanzu imenyooka, uso umefungwa. Alikataa kiti. Aliniuliza kwa nini nimekwisha kukata kesi. Nikamwambia sijakata kitu. Akafungua orodha, kidole juu ya mabano.

"Mwalimu, Gédéon iko moja. Mimi niko kumi na ine. Kwa baraza, nani anasemaka kwanza?"

Kwenye mabaraza yetu mwenye nyumba ndiye anayefungua maneno. Wanaofuata wote ni wageni, wa pili na wa ishirini sawasawa. Anayetangulia kusema juu ya shamba, shamba ni lake. Nimeketi barazani tangu ujana wangu — na sikuliona hili!

Nilimweleza kwamba mashine imefuata alfabeti, kwamba G hutangulia R. Akajibu kuwa alfabeti haikufyeka bonde. Akaondoka.

Jumamosi, 28 Septemba

Estelle amebadilisha neno moja tu katika amri zake. Sasa mashine inaacha alfabeti na kufuata mwendo wa kitabu: atakayetajwa kwanza ndiye moja. Orodha nzima imejipanga upya yenyewe, na mabano yote ndani ya sura yamebadilika pamoja nayo. Ajabu! Sura ya kwanza inahusu biashara, na Ramazani ndiye anayeisimulia. Nakala mpya zimekwenda.

Sikutazama mbele. Nakiri nilifurahia mashine kupita kiasi.

Jumatano, 2 Oktoba

Gédéon mwenyewe! Kutoka Wamaza juu ya pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alisalimu kwa heshima, akamwulizia mke wangu, akaweka mkungu wa ndizi mlangoni. Kisha akanirudishia kurasa zangu.

"Mwalimu, ile juma nilikuwa moja. Leo niko tano. Nilikufa katikati?"

Anataka maneno yake yatolewe kitabuni. Yote. Nilimwambia baraza litabaki na sikio moja. Akasema ni afadhali hivyo kuliko kuitwa mgeni katika tope alimozaliwa. Halafu akaongeza, taratibu, kwamba wanawe wanalala bondeni sasa, na hawakwenda na majembe. Walikwenda na mapanga.

Ndizi aliziacha. Siwezi kuzila.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tulijaribu kuwapanga kwa umri. Haikufaa. Ramazani anahesabu kwa gharika, Gédéon kwa ubatizo, na ubatizo wenyewe ulichelewa.

Jioni Estelle alinionyesha jambo ambalo sikujua kama linawezekana: watu wawili chini ya namba moja, kama pacha. 1a na 1b. Nilisimama kwa furaha! Nikamwita mke wangu Louise aone. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa.

"Na a ni ya nani?"

Nimekaa chini tena.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua kubwa. Ya kwanza. Kutoka Wamaza wamepiga simu: vijana wa nyumba zote mbili wako bondeni, kila upande na ukingo wake. Bado wanatukanana tu. Baraza ni Jumamosi.

Jumanne, 8 Oktoba

Orodha inaanza na mbili!

Nilidhani ni kosa. Nilimfokea Estelle kama nilivyokuwa nikifokea darasa zima. Mtu hahesabu kuanzia mbili. Mwanafunzi wangu angeniletea kazi kama hii, angeirudia ubaoni. Alingoja nimalize.

"Babu, kiti cha mwenye nyumba nimekiacha kitupu. Wote wawe wageni."

Ameiamuru mashine ianze kuhesabu kwenye mbili. Ramazani mbili, Gédéon sita, na mgeni ni mgeni. Nimelitazama pengo lile mchana kutwa. Linaniumiza macho. Linaniumiza kama jino lililong'oka. Nami, niliyekata alama za watoto kwa nukta iliyosahauliwa, nimesema: liache.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wako sebuleni kwangu, wote wawili. Nimewaambia naingia chumbani kutafuta miwani. Miwani iko usoni. Naandika nimesimama.

Nje Glody, dereva wa pikipiki, anangoja apeleke Kabambare bahasha yenye kitabu cha baraza. Kwa njia hii ya tope, asipoondoka leo hatafika kabla ya baraza.

Walisoma orodha bila kutazamana. Kila mmoja aliteremsha kidole, akajikuta, akarudi juu. Ndipo Ramazani akamwuliza Estelle moja ni nani.

"Bado hajasema, babu."

Gédéon akacheka! Ramazani naye — kidogo, puani. Sikuwa nimewasikia wakicheka pamoja tangu wazee wao walipozikwa. Kisha Gédéon akaacha. Akasema kiti kitupu hakisafiri kitupu. Kati ya hapa na Kabambare kuna mikono mingi na kalamu nyingi. Atakwenda na bahasha, mpaka isomwe mbele ya watu. Ramazani akasema hayo ndiyo maneno aliyotaka kuyasema yeye. Basi naye anakwenda.

Pikipiki ni moja. Glody amesema anabeba wawili nyuma yake, si vigumu, ila bahasha aishike anayekaa katikati, isiloe.

Katikati ni karibu na dereva. Ni mbele.

Sasa sauti zinapanda. Injini inaunguruma. Wingu limefika juu ya kanisa. Estelle amebisha mlango, anasema kwa sauti ya chini sana:

"Babu, wanakuuliza nani atangulie kupanda."