Folda Yenye Jina Lako

Kwako Kibe, ndugu yangu,

Natumai baridi ya Boston imepungua. Hapa Riruta tuko. Mvua ilibomoa choo cha wapangaji, na binti yangu Cate amepata kazi Westlands.

Mwezi uliopita ilikuja barua pepe yenye jina lako. Ulikuwa hujaandika tangu tulipomzika Mama bila wewe, kwa hivyo niliifungua mbiombio. Kumbe ni wezi wa mtandaoni. Mafaili yote ya duka langu la uchapaji kule River Road yakajifunga, na skrini ikajaa tangazo la kudai malipo.

Sikulipa. Nilichomoa waya wa intaneti, nikamwita fundi Viraj. Alifuta kompyuta nzima, akaweka Windows upya, kisha akaanza kurudisha mafaili kutoka kwa diski niliyoweka akiba kabatini.

Akauliza, "Na hii folda ya Kibe?"

Ndani mlikuwa na video ya Mama, wiki yake ya mwisho, akikuachia ujumbe wa dakika kumi na moja, kwa sababu simu zake hukushika. Niliitazama yote, kisha nikamwambia Viraj aifute.

Usinipigie kuuliza alisema nini. Mimi pia sitashika.

Dadako,
Wangu