Video ya Baba na Mfumo wa Bure

Bugwema, Musoma Vijijini

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje na baridi ya huko Songea? Mimi mzima. Watoto wa kidato cha pili wananichosha, lakini ugali wa mtama wa huku nimeuzoea hadi naomba kuongezewa.

Mama, ile kompyuta ya marehemu Baba ilikuwa imenishinda. Ukiiwasha, chai inapoa kabla haijafunguka. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja mjini Musoma, mtu wa makamo, anaitwa Shabani. Akaigeuzageuza, akasema, "Mashine nzima hii, Mwalimu. Mfumo wake ndio umezeeka. Tunautoa, tunaweka mfumo mwingine, Linux. Ni nyepesi, halafu ya bure."

Bure! Nikaikumbatia kompyuta yangu. "Walioitengeneza wanakula nini?"

"Ni watu tu, wanatengenezaga na kugawa."

Unanijua, Mama. Anayenigawia bure namtazama mikono. Aliposema niiache hadi kesho, nikavuta stuli nikakaa ubavuni pake. Humo ndani mlikuwa na ile video ya siku mliponiaga nije kazini huku, Baba akizungumza. Sauti yake nyingine hatuna.

Akahamishia vitu kwenye flashi, kisha akachomeka nyingine yenye mfumo mpya. Baada ya muda kioo kikauliza kama afute diski yote. Kidole chake kikaenda kukubali. Nikamshika mkono.

"Mwalimu, nimeshahamisha kila kitu! Mimi siibagi vya watu."

"Nionyeshe baba yangu."

Akafungua flashi kwa hasira. Picha zipo. Barua za kazi zipo. Video hakuna! Akarudi kwenye diski, akatafuta, akaikuta kwenye folda ya pembeni ambayo Baba aliipa jina lako. Yeye alikuwa amebeba zile folda za kawaida tu.

Akanigeukia. "Nisamehe, dada yangu. Ningeifuta."

Nilikuwa namvizia mwizi, kumbe hasara ilikuwa inakuja na haraka za fundi. Akaihamisha, akaichezesha hadi mwisho. Baba akaongea pale dukani, katikati ya mlio wa mashine ya kutoa kopi. Mteja mmoja akavua kofia. Ndipo nikamruhusu fundi aendelee.

Sasa inafunguka upesi. Bado siiamini, kamera yake nimeibandika plasta.

Flashi yenye video nimempa dada Teddy, muuguzi wa zahanati yetu, anakuja likizo huko. Ipokee mkononi mwake, usimtume mtu. Kaka Festo akuwekee kwenye televisheni, ila asiingize nyimbo zake humo.

Nisalimie wifi yangu na watoto, shangazi aliyenilea, na mzee katekista jirani yetu.

Mama, kuna mahali Baba anakosa neno, ananyamaza. Wasikusogezee mbele. Hapo anakutazama wewe.

Binti yako,
Agatha