Difu ya Hamsini na Mbili

Mama Zuhura wangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke mbuyu. Mgongo umechoka, macho yamechoka, na nimechoka kubeba uongo mmoja mwaka mzima. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mbuzi yako ya nazi, hapa uani kwetu Kariakoo, mahali pale pale ulipokuwa ukikaa. Mguu wake mmoja umelegea. Kila siku nasema nitaugongea msumari, na fundi ndiye mimi.

Jana asubuhi Bwana Nasoro alilirudisha lile gari lake dogo la viti viwili.

Unakumbuka lilivyokuja mara ya kwanza. Bwana Nasoro, yule kijana wa duka la tende na kahawa, alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirejea kwao, na watu wakajaa mlangoni kulitazama kama bibi harusi. Difu yake ilikuwa imesagika meno. Barua hii naiacha wazi, basi kwa wasiojua niseme kwamba difu ndiyo inayopokea nguvu ya injini kule nyuma na kuyapa magurudumu. Mimi nilikuwa nimepata mbili za kuingia mahali pake, moja ya gari kama lile, nyingine ya gari zito la mizigo. Ilibidi tuchague.

Mafundi wengine huhesabu meno na kugawanya kwenye karatasi. Sisi tulikuwa na debe letu. Tulilipandisha gari nyuma juu ya magogo, magurudumu yote mawili yakaelea. Wewe ulikaa kushoto juu ya mbuzi hii, mikono ingali na harufu ya vitumbua vya asubuhi, mimi nikachuchumaa kulia. Kwenye shafti inayoleta nguvu kutoka mbele nilifunga kipande cha ngozi, na kando yake nikasimamisha debe tupu la mafuta ya taa, ili kila shafti inapozunguka mara moja ngozi ilipige debe. Tukazungusha kwa pamoja, maana mmoja akivuta na mwenzake akalala, hesabu huharibika. Wewe ulihesabu magurudumu hadi kumi, mimi nikahesabu debe.

Difu ya kwanza, ile ya gari dogo, tulipoifunga ilitoa arobaini na moja. Ya pili ikatoa hamsini na mbili. Debe likilia mara chache gari lina mbio, likilia mara nyingi lina nguvu lakini halikimbii. Miaka kumi uliyokaa na mimi uani ilikufundisha hayo kuliko nilivyowafundisha wanaume niliolipwa kuwafundisha.

"Weka hamsini na mbili," ulisema, ukijifuta grisi kwa kanga kuukuu.

"Hiyo ya kubebea saruji, mama Zuhura. Hili gari la vijana."

"Kwani vijana hawapiti mchangani? Mwenye debe la maji kichwani hapigi hatua ndefu, baba Zuhura."

Nilicheka. Nikaweka arobaini na moja, na juu yake nikafunga giaboksi ya mbio vilevile, ambayo hata gia yake ya kwanza ilikuwa na haraka. Uliitazama ukasema nimeweka wake wenza wawili wenye kiburi nyumba moja. Hukurudia tena. Wewe hukuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Leo nikiri kwamba Bwana Nasoro hakuniomba mbio kiasi kile. Mimi ndiye niliyezitaka. Nilitaka gari lipite Msimbazi watu waulizane nani kalitengeneza. Walipita wakiuliza, nami nilikuwa nikitoka nje makusudi nijibu.

Kisha ikaja masika, ukaenda kumuuguza mama yako Magomeni, na homa ikakuangusha wewe. Nilimwendea Bwana Nasoro kwa sababu gari lake ndilo lililokuwa na mbio kuliko yote niliyoyajua. Alikuja bila hata kufunga duka, na kwenda Magomeni tulipita kabla mvua haijanyesha. Ulikaa kwenye kiti cha pili umejifunika shuka, mimi nikasimama ubavuni nimeshika kioo, tukateremka bonde la Jangwani kwenda hospitali.

Tope lenyewe lilikuwa la kifundo cha mguu, halikufika hata gotini. Gari lilijivuta, likaguna, likazima. Bwana Nasoro akaliwasha, likazima tena. Klachi ikaanza kunuka. Nilisukuma mpaka nikaanguka kifudifudi. Nilipoinuka ulikuwa umegeuza kichwa unanitazama, na midomo yako mikavu ilikuwa kama inayotaka kucheka.

"Hesabu debe, baba Zuhura," ulisema.

Nilikuwa nimefadhaika, nikakukasirikia wewe uliyekuwa mgonjwa. Naomba unisamehe hilo kabla ya mengine. Tulikaa pale tangu alasiri hadi karibu na magharibi, mpaka wachukuzi wanne walipokuja na kitanda cha kamba wakakubeba mabegani hadi hospitali. Siku ya tatu ukaniacha.

Daktari alisema mapafu yalikwisha kujaa, saa mbili tatu zisingebadili kitu. Huenda ni kweli. Nami pia huwaambia wateja maneno ya namna hiyo.

Matangani kila aliyeniuliza nilimwambia tope. Mama yako alinishika mkono akasema, "Tope ni la Mungu, mwanangu." Nikamwachia mkono wangu aendelee kuushika. Tangu siku ile kila nikimpelekea unga na sukari hunishukuru, na mimi hutafuta sababu ya kuondoka mapema.

Sasa jana. Bwana Nasoro aliingia, amekonda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nitafutie mtu wa kulinunua hili gari."

Nilimuuliza lina ubovu gani. Alisema halina ubovu, ila tangu siku ile hana raha nalo. Akifika Jangwani huliacha kando akavuka kwa miguu.

"Mguu wangu ulikuwa mzito kwenye klachi," alisema. "Angekuwa dereva mwingine, mama angepita."

Mwaka mzima, mama Zuhura. Kijana wa watu amebeba mzigo wangu mwaka mzima, nami nipo hatua mia moja kutoka dukani kwake, nanunua kahawa yake. Ningeweza kumwambia Mungu ndiye mpangaji, na angenishukuru. Maneno yalikwisha kufika mdomoni. Nikamwambia akae. Alikaa juu ya debe.

"Mguu wako haukuwa na kosa. Difu ile niliichagua mimi, na giaboksi nayo. Mke wangu alinikataza."

"Siku ile ndani ya gari, alijua?"

"Alijua."

Aliinuka akaondoka bila kuaga. Nilidhani nimempoteza. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Basi weka ile ya mama."

Leo tangu alfajiri nimeifunga, na giaboksi nimebadili pia. Ulipofika wakati wa kupima nikaona kushoto hakuna mtu. Jirani alijitolea, nikamwambia asijali. Nililiacha gurudumu lako likikanyaga ardhi, nikainua langu peke yake. Gurudumu moja likitulia, la pili lazima lizunguke mara mbili kufanya kazi ya yote mawili. Kila fundi analijua hilo, ila mimi sikuwahi kulihitaji. Nikazungusha mara ishirini, kumi zangu na kumi zako. Debe likalia hamsini na mbili.

Kesho Bwana Nasoro ataendesha, nami nitakaa kwenye kiti ulichokalia, tuvuke Jangwani kwenda kwa mama yako. Nitamwambia tope lilikuwa la Mungu, lakini difu ilikuwa yangu. Akiuondoa mkono wake sitamlaumu.

Pumzika, mke wangu. Msumari wa mbuzi nitaugonga nikirudi.

Mumeo,
Baba Zuhura