Video za Thobias Zilizokataa Kufutika

Mwandiga, Kigoma
14 Septemba

Mdogo wangu mpendwa Bonifasi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa vumbi la machimboni kimepoa. Sisi huku kwa afya hatujambo. Mama Mkubwa, mama yako, anakula vizuri siku hizi, ila miguu inamvimba akitembea sana. Mtoto wa kaka yako ameanza kukaa bila kuegemezwa, na ana meno mawili ya chini ambayo ameshayajaribu kwenye kidole changu. Mahindi ya bonde la chini yalitoka vizuri. Mvua bado, tunaona mawingu tu upande wa ziwani.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu huko Chunya mtandao ni wa kubahatisha, na kila tukianza jambo linakatika. Haya ninayotaka kukuambia sitaki yakatike. Barua nimempa Feliksi wa lori, ambaye safari hii anafika mpaka huko. Ameniahidi kukukabidhi mkononi.

Uliniuliza kuhusu video za kaka Thobias zilizoko kazini kwangu, nami nikakujibu kwamba nashughulikia, halafu nikanyamaza. Najua ukimya wangu ulikuudhi. Sasa nakueleza nilivyoshughulikia, usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Unakumbuka kwamba Thobias ndiye aliyeniombea kazi pale kwenye shirika. Yeye aliendesha boti ya kupeleka chanjo na dawa kwenye vijiji vya ziwani, mimi nikakaa ofisini mjini nikiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka wake wa mwisho wakubwa walimwomba wampige picha za video akiwafundisha mabaharia wapya namna ya kutunza injini na kuvaa maboya. Wakampigia pale Kibirizi, ufukweni. Video hizo ziliwekwa kwenye kompyuta ninayoitumia mimi, na baada ya hapo hakuna aliyezikumbuka. Kisha boti ikapinduka ikirudi kutoka Kagunga. Wavuvi wakawaokoa wote, yeye wakamkosa, na simu yake ikazama naye pamoja na kila picha aliyokuwa nayo.

Mwezi wa sita Bwana Adolf, mkuu wa ofisi yetu, aliniambia shirika limepata msimamizi mpya wa boti, na kwamba ile kompyuta atapewa yeye. Akanitaka niisafishe, niondoe vyote visivyo vya kazi ya sasa, zikiwemo video za marehemu. Alisema kwa upole, hakuwa na ubaya. Nami, Bonifasi, nilifurahi kuagizwa. Kila nilipofungua lile kabrasha la boti kutafuta kitu kingine, niliona uso wa kaka yako umekaa pale kama picha ndogo, mdomo umefunguka, anataka kusema. Sikuwahi kuibonyeza. Nilitaka zitoke machoni pangu.

Basi nikazifuta. Kompyuta ikaniambia video hazifutiki kwa sababu zinatumika na programu nyingine. Nikafunga kila kitu, nikajaribu tena, ikaniambia sina ruhusa, nimwone msimamizi wa mfumo. Nikaizima na kuiwasha. Siku moja zilitoka kweli, nikaenda nyumbani moyo mwepesi, na kesho yake nikazikuta zimerudi palepale, uso uleule. Kompyuta zile zimefungwa, mdogo wangu. Kwa kuwa zina habari za wagonjwa, huwezi kuweka wala kutoa chochote bila watu wa mifumo walioko Dar es Salaam. Nikawaandikia ombi rasmi kwamba wanisaidie kuzifuta. Wakajibu kwamba ombi limepokelewa, litashughulikiwa kwa zamu yake.

Wiki hiyohiyo Agnesi, shemeji yako, akaja ofisini na mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka Buzebazeba kwa dada yake. Hakukaa. Alisema amesikia kuna mahali sauti ya mume wake imebaki, na kwamba mtoto huyu alizaliwa baba yake ameshapotea, hajui hata anavyokohoa. Akaniuliza kama ninaweza kumpa. Nikamwambia ndiyo, ni jambo dogo. Nilisema hivyo nikijua ombi langu la kuzifuta lilikuwa limeshafika Dar.

Tangu siku ile nilianza kuhangaika upande wa pili. Nikachomeka flashi, kompyuta ikasema matundu yake yamefungwa. Nikajaribu kuzituma kwa barua pepe, zikakataliwa kabla hazijaondoka. Simu zetu tunaziacha kwa mlinzi tunapoingia, na kwenye dari kuna kamera inayoangalia meza zote. Nikamwandikia mtu wa mifumo kwamba nafuta ombi langu, nimebadili mawazo. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba ombi lililopitishwa na mkuu wa ofisi halirudishwi na mfanyakazi. Nikamfuata Bwana Adolf. Nikamweleza habari ya Agnesi na mtoto, na akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta. Akasema yeye binafsi angezitoa leo, lakini atauliza juu. Jibu la juu lilikuja fupi: picha zote ni mali ya shirika, hazitolewi nje, ziondolewe. Alinionyesha kwenye kioo chake ili nisidhani ananidanganya. Akasema, "Recho, mimi na wewe hapa ni wapiga chapa tu. Mwenye ufunguo hatumjui hata sura."

Hapo nikawa sina la kufanya. Kompyuta ile ilikataa nilipotaka zife, ikakataa nilipotaka ziishi. Nilikaa mbele yake kama mtu aliyekaa mbele ya mlango wa nyumba ya watu.

Ijumaa moja mwishoni mwa Agosti nikapata ujumbe kutoka Dar kwamba ombi langu limefikiwa, na kwamba Jumatatu asubuhi niiache kompyuta imewashwa, wao wataingia kwa mbali na kumaliza kazi. Walinishukuru kwa uvumilivu wangu.

Sasa nifike kwa mama yako, maana yeye ndiye sababu hasa ya barua hii. Unajua jinsi alivyokataa msiba. Wazee walipokuja kukaa matanga aliwafungia mlango. Alisema mwanawe hajafa, ziwa hili lina pande mbili na upande wa pili ni Kongo, watu huokotwa huko wakakaa. Hakuruhusu mtu kulia mbele yake. Jioni alimtengea Thobias chakula, asubuhi akawapa kuku. Shati lake la kanisani alilifua kila wiki na kulianika, na majirani wakaanza kupita njia ya nyuma ili wasilione. Hayo hukuambiwa yote kwenye simu. Tuliona utaumia bure ukiwa mbali.

Ile Jumamosi nilikwenda kwake. Sikuwa na mpango, nilitaka tu kuwa karibu naye. Lakini nilipoliona lile shati kwenye kamba nikamwambia. Nikamwambia Thobias yumo kwenye kompyuta ofisini kwangu, anazungumza, na Jumatatu anaondolewa. Yeye akaingia ndani akavaa kitenge chake kizuri.

Tulimpitia Agnesi na mtoto. Ofisi Jumamosi imefungwa, lakini zamu ilikuwa ya Mzee Ndizeye, mlinzi, yule anayekaa Kasingirima, ambaye nduguze wengine walibaki Burundi na hajui hata walipo. Nilimwambia ukweli, kwamba huyu ni mama yake Thobias na nataka aingie aone video zake. Wageni hawaruhusiwi kabisa kwenye chumba kile, anajua hivyo kuliko mimi. Mzee Ndizeye alimsalimia Mama Mkubwa kwa Kirundi, naye akamjibu kwa Kiha, wakaelewana. Halafu akafungua. Aliniomba kitu kimoja tu, simu zibaki kwake, kwa sababu mtu akiingia anaweza kujitetea, lakini kitu kikitoka hawezi. Nikazikabidhi zote, ya Agnesi pia. Nilikuwa nimempa neno langu, nisingeweza kulirudisha.

Nikaibonyeza kwa mara ya kwanza. Kaka yako yuko kwenye mchanga wa Kibirizi, amekunja suruali, nyuma yake boti. Anaanza kwa salamu yetu ya Kiha, "Mwakeye," kama alivyokuwa anaingia pale nyumbani asubuhi, na Mama Mkubwa akaitikia. Aliitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeketi jikoni. Thobias akaendelea kueleza mambo ya plagi na mafuta, akapiga chafya, akacheka, akamwambia mpiga picha asikate. Mtoto alinyoosha mkono kwenye kioo. Agnesi alikuwa ameuma upindo wa khanga.

Tulipomaliza ya mwisho mama yako akaniomba nirudie ile ya kwanza. Thobias akasema tena, "Mwakeye." Mama Mkubwa akamwitikia tena na kumuuliza amekula nini. Video ikaendelea na mambo ya plagi. Akamuuliza mara ya pili, kwa nguvu kidogo. Thobias akapiga chafya palepale alipopiga kwanza, akacheka vilevile. Hapo mama yako akanigeukia na kuniambia taratibu, "Hanisikii." Nikasema, "Ndiyo, Mama Mkubwa. Hakusikii." Halafu akalia, Bonifasi. Alilia kile kilio alichokizuia tangu siku ya boti, mpaka Mzee Ndizeye akaja akasimama mlangoni na kofia mkononi, asijue pa kutazama.

Jumatatu nilikuwepo walipoingia. Kishale kilianza kutembea chenyewe kwenye kioo, mimi mikono nimeiweka mapajani. Kilifungua kabrasha, kikazichagua zote, kikauliza kama una hakika, kikajijibu. Hazikubisha hata kidogo. Baada ya hapo kukatokea ujumbe mdogo wa kuniuliza kama nimeridhika na huduma.

Kamera ya dari ilituumbua, kama nilivyotarajia. Nimesimamishwa kazi mpaka wakubwa watakapokaa, na Bwana Adolf amenionya nisitegemee mema. Niliandika maelezo kwamba Mzee Ndizeye nilimdanganya, kwamba nilimwambia nina kibali. Huo ni uongo na nimeuandika kwa mkono wangu. Yeye bado yuko kazini. Usimweleze mtu.

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jioni ya Jumamosi ile mama yako hakutenga sahani. Asubuhi aliwaita wazee wa ukoo mwenyewe. Kwa kuwa mwili hatuna, wamekubaliana tuzike mgomba uliovishwa lile shati, kando ya kaburi la baba yako. Shimo bado halijachimbwa. Amesema halichimbwi mpaka wewe ufike, kwa sababu wewe ndiye uliyebaki.

Na liko jingine, ambalo Agnesi ameniruhusu nikuambie. Unalalamika kwamba hapokei simu zako, na kwamba akipokea anakata. Ulidhani ana kinyongo nasi. Hana. Ni kwamba wewe na Thobias mna sauti moja, na kwenye simu, mahali ambapo uso hauonekani, hawezi kuwatofautisha. Siku ya kwanza ulipopiga alidhani ni yeye. Sasa kwa kuwa zile video zimekwenda, amesema ukija ataomba umchukue mtoto umsemeshe, maneno yoyote, hata ya mahindi. Yeye mwenyewe atakuwa ametoka nje, kwa maana bado hawezi.

Mama Mkubwa anakusalimu na anasema upitie njia ya barabara, usipande boti. Agnesi anakusalimu, Mzee Ndizeye naye anakusalimu ingawa hakujui. Wasalimie wenzako wa machimbo, na umpe Feliksi maji ya kunywa, ana safari ndefu. Mungu akulete salama.

Mimi dada yako,
Recho